Silabi Iliyopungua

4 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo, nami nimemaliza riwaya ya kurasa mia nne kwa hasira. Mwandishi ni kijana wa Kinshasa, na Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu, mimi niliyekifundisha miaka thelathini na minne. Sura tatu za kwanza nilizisoma nimesimama jikoni mpaka bukari, ugali wetu, ikashika chini. Kisha mhusika wake akaanza kuwaza. Anawaza akinyoa ndevu, anawaza akifunga viatu, anawaza kurasa mia mbili nzima. Mke wake anamwacha katikati ya wazo mojawapo na yeye hana habari mpaka ukurasa wa 310. Mimi ningemwacha ukurasa wa 90.

Kwenye fishi, kadi ya maoni ya msomaji inayobandikwa ubaoni, nimeandika hivi: "Mwanzo mzuri. Baadaye mwandishi amesahau kwamba msomaji naye ana sufuria motoni. Régine N." Adolphine, anayesimamia chumba cha kusomea cha parokia yetu hapa Bel-Air, aliniomba nilainishe kidogo, maana watu wakisoma fishi zangu hawaazimi kitabu. Nilimjibu kwamba kazi yangu ni kusema nilichokiona. Ameibandika, lakini chini kabisa, karibu na tangazo la ubatizo.

9 Novemba

Vitabu viwili vya kufundisha ushairi. Cha Kifaransa kinamtaka mshairi atembee peku kwenye majani yenye umande kila asubuhi kwa siku arobaini kabla ya kuandika neno. Aliyekitunga hajawahi kuona udongo wa Lubumbashi mwezi wa kumi na moja. Nilikwenda mpaka kona kununua mkate na kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Peku ndivyo nilivyorudi, na shairi halikuja.

Cha pili ni cha Kiswahili, kililetwa na dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam kupitia Kasumbalesa. Kinaitwa Ubeti kwa Hatua Kumi na Nne. Ni kikavu, lakini hakina maneno ya kubembeleza. Mstari una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule, na mizani ni silabi. Ikipungua moja, shairi linachechemea. Hayo nimeyapenda. Sura ya tatu yote ni silabi, kurasa ishirini na mbili, nikairuka. Mtu aliyewapigisha watoto makofi ya silabi miaka yote ile, leo afundishwe silabi akiwa na miaka sitini na mmoja?

Fishi: "Kitabu kikavu, lakini kinasema kweli. Kingefaa zaidi bila sura ya tatu."

13 Novemba

Hakuna umeme. Nimesoma dirishani mpaka mawingu yakafunga.

18 Novemba

Leo Adolphine alituita sisi wasomaji wake. Zéphirin, mwenye mtambo wa kuchapa kule Kamalondo, ameahidi kuchapa kitabu kimoja cha mtu wa parokia kwa kumkumbuka mama yake. Kimoja, nakala mia mbili, bure. Nilifikiri watachagua kumbukumbu za mzee fulani wa kwaya. Adolphine akatoa mfukoni daftari la shule lenye jalada la bluu. Ni mashairi ya Mado.

Mado ni fundi wa kushona, kibanda chake kiko nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ni wa kaskazini, wa Kongolo, babu yake alifanya kazi ya reli. Mtaani wanamwita mama Gauthier mpaka leo, ingawa Gauthier alifariki miaka tisa iliyopita, homa ya siku mbili, alikuwa na miaka minne. Sikujua kama anaandika. Adolphine alisema amekuwa akiandika tangu msiba, na hajawahi kumwonyesha mtu.

Nimepewa kazi ya kuliweka sawa daftari kabla ya kwenda kwa Zéphirin. Mado mwenyewe ndiye aliyeomba niwe mimi. Alinishika mkono kwa mikono miwili akasema, "Madame, weye unajua mambo ya buku." Nilifurahi kupita kiasi, lazima niseme ukweli.

25 Novemba

Nimesoma daftari lote mara mbili. Kuna kitu humo, siwezi kukikataa. Lakini jamani, lugha! Ni Kiswahili cha sokoni. Muntu, mulango, mutoto, iko, iko, iko. Mtu wa Dar akikifungua atacheka kabla hajafika ukurasa wa pili.

Wengine wanaweza kusema, si kitu, ndivyo tunavyosema. Rahisi kwao. Mimi nimezaliwa hapa hapa, hospitali ile ile waliyozaliwa wao, lakini baba alitoka Kasai, na ule mwaka watu wa Kasai walipofukuzwa humu mjini na binamu zangu wakapandishwa treni kurudi mahali ambapo hawajawahi kuishi, mwalimu mwenzangu aliniambia mbele ya ofisi nzima, "Régine, Kiswahili si chenu, mnakiazima tu." Kesho yake nilinunua kamusi. Tangu siku hiyo nimekisoma Kiswahili kama mtu anayetafuta hati ya nyumba yake, na hakuna mtu mtaani humu atakayeniambia kwamba nimekosea kiambishi.

Basi daftari hili litatoka kwenye mkono wangu likiwa safi. Kila muntu atakuwa mtu. Kila mulango, mlango.

2 Desemba

Riwaya nyingine, safari hii ya wachimbaji wa Kambove. Jalada zuri. Ndani, wachimbaji wanashuka shimoni na taa, kisha wanaanza kuhutubiana. Mmoja anaeleza maana ya uhuru akiwa amelala kifudifudi chini ya mwamba. Clément, kaka yangu, alichimba Kambove miaka sita. Nilimsomea ukurasa huo kwenye simu. Aliniambia shimoni mtu hasemi, anasikiliza kama udongo unatembea juu yake, na kama mtu yule angemhutubia yeye angempiga na sepeto. Hiyo ndiyo fishi niliyoandika, nikaweka na jina la Clément.

Lakini kurasa sita za mwisho, mjane anapokwenda kudai viatu vya mumewe, ni nzuri mno. Zimenikera zaidi. Kama aliweza kuandika hivi, mbona hakuanza nazo?

7 Desemba

Sasa nimeshika daftari la Mado na kitabu cha hatua kumi na nne, kimoja mkono huu, kingine mkono ule. Nasafisha, kisha nahesabu mizani.

Nimegundua ujanja. Mistari yake ikiwa michafu inatimia nane, nane, bila kukosea. Ninapoisafisha inabaki saba. Mutoto ni mu-to-to, silabi tatu. Mtoto ni mto-to, silabi mbili. Kumbe alikuwa anajazia kwa ile u yake! Kila penye pengo, anachomeka u. Simlaumu, hakusoma mbali, lakini lazima nimtafutie kitu cha kuweka badala yake, na Kiswahili kina maneno machache sana ya silabi moja. Nilijaribu "na", nikajaribu "je". Mwishowe nimepata neno dogo lisilomsumbua mtu, linalokaa mwisho bila kelele: tu.

"Mulango niliufunga" sasa ni "Mlango niliufunga tu." Nane. Safi.

8 Desemba

Leo nimeweka "tu" kumi na nne. Mvua mchana kutwa.

15 Desemba

Mado alipita na gauni langu la Noeli, nikamwonyesha kurasa za kwanza zilizopigwa chapa. Alisoma akifuata kwa kidole. Alisema anaona jina lake limeandikwa vizuri. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna chumvi, ile "tu" inafanya nini pale. Nikamwambia inajaza.

Akatikisa kichwa kwamba amesikia, akanipima mabega, akaenda.

25 Desemba

Noeli. Gauni linabana. Nimekula kwa Adolphine.

6 Januari

Nimesoma riwaya ya Kiswahili kutoka pwani ambayo nilijiandaa kuichukia. Inahusu karani wa bandari anayeandikia watu barua za mapenzi, kisha anagundua kwamba nyingine zinakwenda kwa mkewe. Kisa cha kizamani, wahusika wawili hawana kazi yoyote, na mwisho umekimbizwa. Lakini sentensi zake zinakaa. Nimesoma moja mara tano nikitafuta kosa. Sikulipata, nikakasirika, nikaandika fishi fupi: "Kisomeni." Adolphine alidhani ninaumwa.

Kwa Mado nimefika shairi la arobaini. Alikuja tena jioni, akasoma amesimama mlangoni kwa sababu viatu vyake vilikuwa na tope. Akauliza tena habari za "tu", sasa kwa kuzunguka. Kwamba yeye akisoma kwa sauti, anafika pale na mguu unakosa ngazi. Nikamwambia ni mazoea, masikio yake yamezoea lugha ya mtaani, atazoea na hii. Sikufurahia sauti yangu nilipokuwa nasema hivyo. Ilikuwa ile ya darasani.

14 Januari

Leo ilikuwa siku ya Mado kusaini karatasi za mwisho kabla hazijaenda Kamalondo. Tulikaa mezani kwangu, mvua inapiga mabati mpaka tunasogeleana ili tusikilizane. Alipindua haraka mpaka kwenye shairi la mwisho, lile la Gauthier. Ni shairi la mama anayemlaza mtoto, na mwanzoni huoni kwamba mtoto amekufa, unakuja kuelewa ubeti wa tatu. Kwenye daftari lilianza hivi:

Mutoto yangu ulale, mama yako iko hapa,
Mulango niliufunga, mupepo usiingie.

Mimi nimeliweka hivi:

Mtoto wangu ulale tu, mama yako yuko hapa,
Mlango niliufunga tu, upepo usiingie.

Mado aliweka kidole kwenye "tu" ya kwanza na hakukiondoa.

"Madame, hii haiwezi kutoka? Zingine ça va, si mubaya. Hii moja."

Nilimweleza sheria. Nane na nane, kitabu kimesema, likipungua linachechemea, na yeye mwenyewe hatapenda kitabu chake kichekwe. Alisikiliza. Akasema kwake yeye lilikuwa limetimia. Hapo uvumilivu ukanitoka. Niliinuka nikamwambia ushairi una sheria, na mimi sikuzitunga, na kama anadhani anajua kuhesabu kuliko kitabu basi achukue daftari lake apeleke mwenyewe.

Alichukua kalamu akasaini. Aliandika jina lote, Madeleine, polepole, kama watu wanavyosaini hospitalini.

20 Januari

Karatasi zimepelekwa kwa Zéphirin. Jumla ya "tu" ni sitini na tatu. Nimechoka, ila ni uchovu wa kazi iliyoisha.

2 Februari

Hakuna riwaya mpya. Tope, na nguo hazikauki.

11 Februari

Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Asubuhi nilikwenda chumba cha kusomea nikakuta mtu ameandika kwa penseli chini ya fishi yangu ya Novemba, ile ya hatua kumi na nne: "Sura ya tatu ndiyo bora kuliko zote. Aliyeandika hapa hakuisoma." Bila jina. Damu ilinipanda. Nilimwuliza Adolphine ni nani, akasema hajui, huku anapanga rafu ambayo imeshapangwa. Nikakichukua kitabu, nikaketi pale pale kwenye benchi la barazani ili nimwonyeshe huyo wa penseli, kwa fishi nyingine ndefu, kwamba ile sura ni maji matupu.

Ukurasa wa tatu wa sura hiyo unasema hivi, nanakili: "Herufi M inaposimama mbele ya konsonanti, kama katika mtu, mlango na mtoto, hutamkwa peke yake na huhesabiwa mizani kamili. M-tu ni mizani mbili. M-to-to ni mizani tatu. Hapa ndipo wageni wa lugha huteleza mara nyingi, kwa sababu hutafuta vokali."

Wageni wa lugha.

Nilisoma tena. Nikahesabu kwa vidole, pale pale, watu wakipita na miavuli. M-to-to wa-ngu u-la-le. Nane. Nikahesabu kwa "tu" yangu. Tisa. Nikahesabu ya Mado. Mu-to-to ya-ngu u-la-le. Nane. Sitini na tatu, nilizihesabu zote baadaye nyumbani kwenye nakala yangu, na kila mstari ulikuwa umetimia kabla sijaugusa. Hakuwa anajazia. Ile u niliyoiita ujanja ilikuwa silabi yenyewe. Pwani wanaitamka midomo imefumba, sisi tunaifungua, na hesabu ni ile ile. Miaka thelathini na minne nimewafundisha watoto kwamba hakuna silabi bila vokali. Ni kweli kwa Kifaransa. Nililiingia shairi la Mado na masikio ya Kifaransa, mikono ya kamusi na hofu ya treni ile, nikalichechemeza mwenyewe halafu nikalipatia mkongojo.

Nikajaribu kujifariji kwa kuhesabu maneno mengine. Mvua, nikasema, m-vu-a, tatu. Ukurasa unaofuata unasema hapana, mvua ni mvu-a, mbili, M hiyo haisimami peke yake. Hata hapo nilikosea. Nilifunga kitabu.

Kilichoniuma zaidi si mizani. Ni neno lenyewe. Tu. Nilikaa nikaisema kwa sauti, "Ulale tu." Nani anamwambia mtoto hivyo?

12 Februari

Kamalondo. Nilifika kwa Zéphirin mapema, nikakuta nakala mia mbili zimepangwa juu ya meza kwa mafungu ya ishirini, jalada la bluu kama daftari, vizuri kabisa. Alinipa moja akitabasamu. Nilimwomba achape upya. Alinieleza kwa upole kwamba karatasi aliyoitenga kwa ajili ya mama yake imekwisha yote, na siku ya kuyasoma mashairi mbele ya watu imeshatangazwa kanisani. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, mama Régine, na kwani kuna kosa gani, mbona yeye amesoma na hajaona kitu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kutoka huko nilikwenda moja kwa moja kwa Mado. Alikuwa anashona sare za kwaya. Sikukaa. Nilimwambia yote: sura niliyoiruka, M, vidole, sitini na tatu. Mashine haikusimama. Nilipofika mwisho nikasema nisamehe, na hapo ndipo alipoinua mguu kwenye pedali.

"Kusamehe, nitasamehe, Madame. Weye ulitafuta mema." Alikata uzi kwa meno. "Lakini mi sikumuambia Gauthier alale tu. 'Lala tu,' njo vile bantu banaambiaka mutoto mwenye kubasumbua. Yeye hakunisumbua. Mi nilimuambia alale sababu niko pale."

Nilisimama nikiangalia vipande vya sare sakafuni. Alisema tena, hakuwa na hasira hata kidogo, na ingekuwa heri angekuwa nayo: "Nilikuuliza mara tatu."

Ni kweli. Nimefungua kurasa za nyuma za shajara hii. Mara tatu, na zote nimeziandika kwa mkono wangu, na zote nimejiandika kama mtu anayesumbuliwa.

14 Februari

Nimekwenda barazani nikaiondoa fishi yangu ya hatua kumi na nne. Maneno ya penseli nimeyakata nikayabandika peke yake.

17 Februari

Mado amepita nje, amenisalimia kama kawaida. Ndiyo mbaya zaidi.

19 Februari

Nilimwambia Adolphine kwamba siku ya kusoma nitabaki nyumbani, mguu unauma. Aliniangalia mguu. Akasema viti arobaini vimeazimwa, na kimoja kimeandikwa jina langu, na kama kitabaki kitupu watu watauliza, na Mado ndiye atakayejibu. Sikufikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria aibu yangu peke yake.

22 Februari

Siku ya kusoma. Mvua ilianza saa nane na haikukoma, na bado chumba kilijaa, wengine walisimama barazani miavuli ikiwadondokea wenzao. Kila mtu aliyeingia alipewa kitabu. Zéphirin alisema maneno machache kuhusu mama yake. Kisha Mado akasimama, amevaa kitenge cha kijani alichojishonea, kitabu chake kimefungwa, amekishika tumboni kwa mikono miwili.

Hakukifungua. Alisema mashairi matatu kwa kichwa, jinsi yalivyokuwa kwenye daftari, muntu na mulango na iko zote mahali pake. Mimi nilihesabu kwa vidole chini ya mkoba, sikuweza kujizuia. Nane, nane. Nane, nane. Watu walikuwa wanafuata kwenye vitabu vyao, na niliona vichwa vikianza kuinuka na kuinama, kwa sababu mdomo na karatasi havikuwa vinakwenda pamoja.

Halafu akaanza la Gauthier. "Mutoto yangu ulale, mama yako iko hapa." Mbele kabisa alikuwa amekaa Princesse, mtoto wa kwaya, miaka kumi hivi, mwenye kidole kwenye mstari. Ni mtoto mzuri anayependa kusaidia. Aliinua mkono.

"Mama Gauthier, umesahau 'tu'. Iko ku buku."

Watu wachache walicheka kidogo, kicheko cha upole, jinsi mtu anavyochekewa anaposahau maneno ya wimbo. Mado hakucheka. Hakunitaja wala hakunionyesha kwa kidole. Alinigeukia tu, akasubiri, naye alikuwa tayari kusubiri mpaka mvua iishe.

Nilijua nikisimama nini kitasemwa. Kwamba Mukasai amevuruga Kiswahili cha wenyewe. Nilisubiri miaka thelathini na zaidi nisisikie maneno hayo, na sasa ningewapa mimi mwenyewe, mbele ya viti arobaini. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri, yenye viambishi vyote. Iliyotoka si hiyo.

"Hakusahau, Princesse. Ile 'tu' ni ya miye. Yeye hakuiandika. Miye njo nilihesabu mubaya, na aliniuliza, na sikumusikia."

Mabati yakipiga kelele. Hakuna aliyesema neno la Kasai, labda walilifikiri, labda hapana, sitajua. Princesse alimwangalia Mado, akaniangalia mimi, kisha akafunga kitabu chake akakiweka mapajani. Mama aliyekuwa nyuma yake naye akafunga. Nilisikia vitabu vikifungwa safu kwa safu mpaka barazani.

Mado akasema, "Basi nitaanza tena." Akaanza tangu mwanzo. Mimi sikuketi, nilisahau, na safari hii sikuhesabu. Alipofika ubeti wa tatu Adolphine alikuwa analia waziwazi, na mimi pia.

1 Machi

Nakala mia mbili ziko sebuleni kwangu. Wengi walikubali kuzirudisha kwa wiki moja, na waliokataa Adolphine amewafuata nyumbani. Nimenunua kalamu za wino mweusi. Mpango wangu ulikuwa kukata kila "tu" kwa mkono, sitini na tatu kwa kila kitabu, hata kama itanichukua mpaka kiangazi. Nilikuwa nimeanza ukurasa wa tano wa nakala ya kwanza Mado alipoingia kuchukua kipimo cha pazia.

Aliuliza ninafanya nini, nikamweleza. Akavuta kiti, akachukua kitabu mkononi mwangu, akakipindua mpaka mwisho, akaniwekea wazi mbele yangu.

"Zingine ziache, Madame. Bantu banajua sasa ni za nani." Kidole chake kilikuwa kwenye mstari ule. "Toa ile ya Gauthier tu."

Nikaikata.